Gede: Somo la Mji wa Kale na Nyumba ya Makumbusho Yake

Katika pwani ya Kenya, kaskazini ya Mombasa, msafiri apitaye njia kuu hufika mahali paitwapo Gede, akiwa amebakiwa na mwendo wa kilomita 16 hivi kufika Malindi. Hapo njia ya Watamu huachana na njia kuu na kuelekea baharini. Na si mbali na njia hiyo, ndani ya msitu, yamo mabaki ya mji mkubwa wa mawe. Watu waliukaa mji huo kwa muda wa karne nyingi, kisha wakauacha mwanzoni mwa karne ya 17, na miti ikaumeza. Leo kuta zake zimefunuliwa tena, na karibu nazo iko nyumba ya makumbusho, iliyofunguliwa mwaka 2000, ambamo baadhi ya vitu vilivyochimbuliwa vimewekwa ili watu wavitazame. Mwaka 2024 mji huu uliandikwa na shirika la UNESCO katika orodha ya mahali penye urithi wa dunia nzima.

Walimu wengi hupeleka watoto huko kila mwaka, na hilo ni jambo jema. Lakini tumesikia mara nyingi maneno ya manung'uniko, nayo ni haya: mtoto ametolewa nauli, ameamshwa alfajiri, amekwenda safari ndefu, na aliporudi jioni baba yake akamwuliza, "Umeona nini?" naye akajibu, "Nimeona vigae." Baba akacheka akasema kwamba vigae hata nyuma ya jiko lao vimo, tena vya bure.

Sisi twaona baba huyo ana haki ya kucheka. Kigae ndani ya sanduku la kioo, kikitazamwa peke yake, hakisemi neno. Hata bakuli zuri la China halisemi zaidi ya kwamba ni zuri. Kitu cha kale hupata ulimi pale tu ambapo twajua kiliokotwa wapi, katika chumba gani, chini ya sakafu au juu yake, pamoja na vitu gani vingine. Mtu asiyejua hayo atatazama vitu mia, atachoka miguu, na atarudi kwake mikono mitupu. Kwa hiyo katika somo hili hatutaki kuvitaja vitu vyote vilivyomo katika makumbusho ya Gede. Twataka kuonyesha jinsi vinavyosomwa.

Shauri letu la kwanza kwa mwalimu ni kwamba asianze na nyumba ya makumbusho. Na aanze na mji wenyewe, atembee ndani yake polepole, ndipo aingie katika nyumba. Akianza na sanduku la kioo, watoto wataona vyombo visivyo na kwao. Akianza na mji, watakapofika penye sanduku watasema, "Hiki kilitoka katika nyumba ile tuliyosimama mlangoni mwake." Tofauti ya mambo haya mawili ni kubwa kuliko mtu anavyodhani.

Mji ulikuwa na ukuta wa nje uliozunguka ekari 45 hivi, wenye kimo cha futi 9. Ndani yake mna jumba la mtawala, Msikiti Mkuu na misikiti mingine midogo, makaburi, visima, na nyumba za mawe za matajiri zilizosongamana katika vichochoro vyembamba. Mawe yenyewe ni ya matumbawe, yaliyoshikamanishwa kwa chokaa na kupigwa lipu. Lakini mgeni aangalie jambo moja ambalo wengi hulipita: sehemu kubwa ya eneo lililozungukwa na ukuta haina nyumba za mawe kabisa. Haikuwa wazi siku zile. Hapo ndipo walipokaa watu wengi zaidi, katika nyumba za miti na udongo zilizoezekwa makuti, ambazo mvua na mchwa wamezimaliza. Mtu akisimama mbele ya jumba na kusema, "Hivi ndivyo watu wa Gede walivyokaa," amesema kweli juu ya wachache.

Nyumba za mawe zimejengwa kwa mpango unaofanana. Mtu aliingia kwanza katika ua, penye mahali pa kukaa wageni. Kisha chumba kirefu, kwa kuwa upana wa chumba haukuweza kupita urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Kisha vyumba vya ndani vya wenyewe. Kuna vyoo vilivyojengwa vizuri, pamoja na mahali pa kujitawadhia, na mifereji ya kuondolea maji. Katika baadhi ya nyumba kuna chumba kimoja kisicho na mlango. Watoto wakionyeshwa hiki huanza kubishana mara moja, na waachwe wabishane kidogo. Jibu ni kwamba kilikuwa ghala ya mali: mwenye nyumba aliingia kwa ngazi kupitia tundu lililo juu ukutani, na mwizi asiyejua siri ya nyumba aliona ukuta mtupu.

Nyumba hizi zimepewa majina, na majina hayo ndiyo ufunguo wa somo letu. Iko Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Simbi, Nyumba ya Sanduku la Pembe, Nyumba ya Sarafu ya Kichina, Nyumba ya Taa ya Chuma. Hayakuwa majina ya wenyewe waliozikaa. Ni majina yaliyotolewa na wachimbuaji, kila nyumba kwa jina la kitu kilichoonekana ndani yake. Mkasi wa chuma uliolala katika udongo wa chumba kimoja ukaipa nyumba nzima jina. Twapenda sana desturi hiyo, kwa maana yatufundisha bila ya maneno mengi kwamba kitu na mahali pake ni jambo moja. Mkasi ule ungalitolewa na mpita njia na kuuzwa sokoni Malindi, ungalikuwa chuma chenye kutu, na nyumba ile ingalikuwa kuta nne zisizo na jina.

Habari za kuchimbuliwa kwa mji ni hivi. Wenyeji waliyajua magofu siku zote. Mwaka 1884 Bwana John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza huko Unguja, alifika akayaona. Mwaka 1927 serikali ilipatangaza kuwa mahali pa kale penye kulindwa, na mwaka 1948 pakafanywa hifadhi, na Bwana James Kirkman akawekwa kuwa mlinzi wake. Yeye pamoja na wafanyakazi wake walichimba kwa miaka kumi, hata mwaka 1958. Siku hizi Gede iko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na vitu vingine vilivyotoka humo vinaonekana Mombasa, katika makumbusho ya Ngome ya Yesu.

Kuchimba kwa namna hii si kama kuchimba kisima au msingi wa nyumba. Msomaji wa shamba ataelewa upesi tukimtajia jaa la nyuma ya nyumba yake. Jivu la leo liko juu. Chini yake liko la mwezi uliopita. Chini kabisa limo lile la siku alipohamia hapo. Mtu akitaka kujua familia ile ilikula nini mwaka wa kwanza, hana budi kushuka taratibu, tabaka baada ya tabaka, akiandika kila alionalo. Lakini akitia jembe na kulipindua jaa lote kwa siku moja, atapata vitu vyote vilivyomo, na hatajua neno hata moja. Mji wa kale ni jaa kubwa lenye kuta. Sakafu ya chokaa ikiwa nzima, haikuvunjwa, basi kilicho chini yake kilifika pale kabla haijapigwa, na kilicho juu yake kilifika baadaye. Kwa hoja ndogo kama hizo, zilizofungwa moja na nyingine, wataalamu hupanga miaka ya mji usioacha kitabu.

Na Gede haukuacha kitabu. Hilo ni jambo la ajabu linalowasumbua wenye elimu mpaka sasa. Wareno walikaa Malindi karne ya 16, mwendo wa saa chache kwa miguu, wakaandika habari nyingi za pwani. Wala katika maandiko yao jina la Gede halionekani. Wengine hudhani kwamba mji uliitwa kwa jina jingine, na ya kuwa Gede ni neno la Wagala lililokuja baadaye. Sisi hatutaamua kesi hiyo. Twataka msomaji aone tu kwamba mahali palipo kimya cha vitabu, ndipo kigae kinapopata cheo cha shahidi.

Lakini mji una andiko moja lenye tarehe, nalo liko juu ya kaburi. Katika lipu ya kaburi hilo, karibu na njia ya kuingilia, imeandikwa kwa Kiarabu mwaka wa 802 wa Hijra. Hapa mwalimu wa hesabu apate kazi. Mtoto asidhani kwamba akijumlisha 802 na 622 amefika, kwa maana mwaka wa Hijra hufuata mwezi, nao ni mfupi kwa siku 11 hivi. Miaka 33 ya mwezi ni sawa na miaka 32 ya jua. Basi gawanya 802 kwa 33, upate 24 na kitu. Toa 24 katika 802, ibaki 778. Ndipo ujumlishe 622, upate 1400. Hesabu hii ni ya kukadiria. Kwa hakika mwaka ule wa 802 ulianza mwezi wa Septemba, 1399, na kwa hiyo vitabuni huandikwa 1399. Kaburi hilo limewafaa wachimbuaji kama mzani uliopimwa: vyombo vilivyofanana na vile vilivyolala katika tabaka za wakati wake vikapata umri.

Sarafu ya Kichina haina nguvu kama hiyo, na inafaa kueleza sababu, kwa kuwa wengi hukosea. Sarafu hukaa mfukoni mwa watu kwa miaka mingi. Iliyopigwa zamani huweza kudondoka leo. Basi ikionekana katika chumba, yatuambia kwamba chumba hakikufungwa kabla ya sarafu kupigwa. Zaidi ya hapo haisemi. Kwa sarafu, mtu hupata mpaka wa upande mmoja tu.

Tuje sasa katika nyumba ya makumbusho. Humo mna vigae na mabakuli ya China, mengine ya rangi ya kijani kibichi iliyotulia kama maji ya kisimani, mengine meupe yenye maua ya buluu. Mna vyombo vilivyopakwa rangi ya kung'aa kutoka Uajemi, shanga, vioo, vyombo vya chuma, na vyungu vya udongo vya kienyeji. Macho ya wageni hukimbilia China. Watazame, kwa maana vyombo hivyo vilivuka bahari kwa pepo za kaskazi, kutoka bandari hata bandari, mpaka vikafika mezani mwa mtu wa Gede. Wala biashara hiyo haikuwa ya upande mmoja, kwani pembe za ndovu na mali nyingine za bara zilikwenda kule. Malindi, jirani yake, ulimpelekea mfalme wa China twiga mwaka 1415.

Hapa ndipo penye hatari ya kosa kubwa kuliko la sarafu. Bakuli la China halisemi kwamba Wachina walikaa Gede. Chifu mwenye saa ya Uswisi mkononi hakuzaliwa Uswisi. Jambo hili laonekana dhahiri mtu akilisema hivyo, walakini wenye elimu wenyewe walikosea kwa njia inayofanana nalo. Waliona misikiti, waliona maandishi ya Kiarabu, waliona vyombo vya ng'ambo, wakasema kwamba mji huu ni wa Waarabu. Kitabu cha Bwana Kirkman cha mwaka 1954 kiliuita hivyo hivyo katika jina lake, mji wa Waarabu. Na watoto wa pwani, wakasoma shuleni kwa muda mrefu kwamba miji ya mawe iliyo mlangoni mwao ilijengwa na wageni waliokuja, wakakaa, wakaondoka. Hilo si jambo dogo. Mtu akiambiwa kwamba nyumba aliyoikuta si ya babu zake, ataitazama kwa jicho jingine, na pengine atachukua mawe yake akajengee banda la mbuzi.

Ni nini kilichogeuza hukumu hiyo? Ni vile vigae alivyovicheka yule baba. Watu walipovihesabu kwa uangalifu, si vile vizuri tu, waliona kwamba vilivyo vingi kabisa ni vya vyungu vya kienyeji, vilivyofinyangwa kwa udongo wa huku huku, vya kupikia na kuwekea maji. Kisha wachimbuaji wa Kifaransa walipoanza kazi Gede mwaka 1999, wakishuka chini ya tabaka za mawe, walikuta alama za nyumba za udongo na miti zilizotangulia, za karne ya 11 na ya 12. Yaani mji haukushushwa kutoka jahazini. Ulianza kama kijiji, ukakua, ukatajirika, ukajengwa kwa mawe. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, wachimbuaji wa miaka ya 1980 walikuwa wameona habari iyo hiyo kwa wazi zaidi: chini ya msikiti wa mawe palikuwa na misikiti midogo ya miti, mmoja juu ya mwingine, ya chini yake ikiwa ya karne ya 8.

Ziko alama nyingine ambazo mgeni aweza kuziona kwa macho yake. Juu ya mlango mmoja wa Msikiti Mkuu wa Gede limechongwa umbo la mkuki mpana. Si pambo la Uarabuni. Mkuki katika nchi zetu ni alama ya mtawala. Tena katika baadhi ya nyumba vilifukuliwa vyungu vilivyozikwa karibu na mlango, vilivyotiwa dawa ya kulinda nyumba na mali, ambavyo wenyeji huviita fingo. Wamijikenda wakisoma neno hilo hawahitaji mfasiri, kwa maana fingo ndiyo kinga iliyozikwa katika kaya zao tangu zamani. Mwislamu wa Gede alisali msikitini mwenye mabakuli ya China katika kibula, na mlangoni kwake alizika fingo. Tusimhukumu, tumwangalie tu, ni mtu wa huku.

Wala hatusemi kwamba wageni hawakuja wakaoa. Mwaka 2023 ilitangazwa kazi ya wataalamu waliopima mifupa ya watu 80 wa zamani kutoka makaburi ya Mtwapa, Manda, Kilwa na mahali pengine. Walikuta kwamba wengi katika hao walikuwa na asili mbili, ya Afrika hasa kwa upande wa mama, na ya Asia, zaidi Uajemi, kwa upande wa baba, na ya kuwa kuchanganyika huko kulianza yapata mwaka 1000. Basi mwenye kusema "wageni tu" amekosea, na mwenye kusema "hakuna mgeni" amekosea vile vile.

Kwa nini mji ukaachwa? Watu hupenda jibu moja, na Gede hautoi jibu moja. Mwaka 1589 Wazimba walipita pwani hii wakiangamiza. Mwaka 1593 Wareno walihamia Mombasa pamoja na sultani wa Malindi, na nguvu ya upande huu wa pwani ikapungua. Wagala nao walikuwa wakishuka kutoka kaskazini. Lakini shahidi tunayempenda sisi ni kisima. Kisima cha karibu na Msikiti Mkuu chaonyesha kwamba kilichimbwa kikaongezwa kina, na Bwana Kirkman alifikiri kwamba maji ya ardhini yalikuwa yakishuka. Adui aweza kufukuzwa, ukuta waweza kujengwa upya, na kweli Gede umeonyesha ukuta wa ndani uliojengwa baadaye, mji ulipokwisha kuwa mdogo, kuzunguka sehemu ya katikati tu. Bali kamba ya kisima ikirefuka mwaka hata mwaka, mwanamke achotaye ndiye wa kwanza kujua kwamba mji utahama. Mwalimu awasimamishe watoto penye kisima hicho muda mrefu kuliko penye jumba.

Na awape kazi ya kuandika, lakini si ile ya "eleza yote uliyoyaona". Kila mtoto achague kitu kimoja katika nyumba ya makumbusho, asome karatasi yake, kisha arudi mjini atafute mahali kilipotoka, au mahali panapofanana napo, aandike kitu hicho kilitumiwa na nani na kililetwa kwa njia gani. Akishindwa kujua kilitoka wapi, aandike hivyo. Hilo nalo ni somo. Siku ile watakayorudi shuleni watazame chungu cha mama zao na kuuliza ni kitu gani katika nyumba yao kitakachobaki baada ya miaka 500, na ni kipi kitakachooza. Tumeona watoto wakinyamaza kabisa kwa swali hilo, kwa kuwa vitu wanavyovithamini sana ndivyo vinavyooza kwanza.

Sasa twageukia machifu na wazee wa mitaa, maana shauri la kulinda liko mikononi mwao kuliko mikononi mwa walimu.

Katika kaunti hiyo hiyo ya Kilifi Wagiriama huwawekea wazee wao wa chama cha Gohu nguzo za mbao zilizochongwa, ziitwazo vigango. Kigango si pambo. Huwekwa kwa ajili ya roho ya marehemu, na kikishasimamishwa hakiondolewi. Lakini tangu miaka ya 1970 na 1980 vilianza kuibiwa usiku na kuuzwa kwa wachuuzi, na kutoka kwa wachuuzi vikaenda Marekani, vikatundikwa katika nyumba za matajiri na hata katika nyumba za makumbusho. Mwaka 1985 vigango viwili viliibiwa katika boma moja baada ya kupigwa picha na mtaalamu aliyekuwa akijifunza desturi za huko. Picha hiyo ndiyo iliyookoa mambo. Miaka mingi baadaye vilitambuliwa katika makumbusho mawili ya Marekani, na mwaka 2007 vikarudishwa kwa jamaa ya wenyewe. Makumbusho ya Denver nayo yalikubali kurudisha vigango 30, vikafika Kenya mwaka 2019.

Je, hivyo 30 vilirudi kwao? Hapa ndipo penye uchungu. Vile viwili vya kwanza vilikuwa na picha, kwa hiyo vilikuwa na boma, jina na ukoo. Vingine vingi vilivyotawanyika ng'ambo havina mtu aliyeandika vilisimama wapi. Vyaweza kurudi katika nchi, visiweze kurudi nyumbani. Ni hali ile ile ya mkasi tuliyoitaja juu, isipokuwa hapa aliyepotezewa mahali ni babu ya mtu.

Sheria ya Kenya juu ya urithi ni ya mwaka 2006. Inaagiza kwamba mtu akigundua kitu cha kale au mahali pa kale, atoe habari kwa Makumbusho ya Taifa ndani ya siku saba, akionyesha mahali hasa palipoonekana na jinsi palivyoonekana. Twaomba msomaji ayatazame maneno hayo ya mwisho. Sheria haikuridhika na kitu. Inataka na mahali. Chifu aisome sheria hiyo barazani, tena mara kwa mara, hasa mahali ambapo watu wanachimba mawe ya kujengea au kuchoma chokaa, na mahali ambapo viwanja vya pwani vinauzwa, kwa sababu mahame hayako Gede peke yake. Yako Mnarani palipokuwa na kivuko cha Kilifi, yako Jumba la Mtwana karibu na Mtwapa, yako Kaole karibu na Bagamoyo, na mengine mengi ambayo hayana ukuta wala mlinzi, yanajulikana na mwenye shamba tu.

Mwenye shamba akigonga kitu kwa jembe, na afanye hivi. Aache kuchimba mahali hapo. Asikioshe kitu wala asikisugue ili king'ae. Achomeke kijiti pale pale kilipotoka, apime kwa hatua zake kutoka mti mkubwa au kona ya nyumba, na kupima kina kwa mpini wa jembe. Kama hajui kuandika, amwite mtoto wa shule aandike siku, jina la shamba, hatua ngapi kutoka mti gani, kina gani, udongo wa rangi gani, na vitu gani vilikuwa kando yake, hata kama ni makombe na mkaa. Karatasi hiyo ifungwe pamoja na kitu katika mfuko mmoja na kupelekwa kwa chifu, naye aipeleke mbele kabla ya siku saba kwisha. Kitu kikiwa kikubwa, kama ukuta au kaburi, kiachwe kilipo, kifunikwe kwa udongo ule ule, na mahindi ya mwaka huo yapandwe upande wa pili wa shamba hata afike mtu wa makumbusho.